Utani wa Kaloleni: Upungufu na Kutegemeana katika Vichekesho vya Televisheni ya Kenya

1. Utangulizi

Vichekesho vya televisheni ni miongoni mwa kazi za sanaa ambazo wahakiki wa Kiswahili wamezipita bila kuzisimamia. Riwaya imehakikiwa, ushairi umegombaniwa, na tamthilia iliyochapishwa imepata nafasi yake darasani. Lakini Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vilivyoanza enzi za Sauti ya Kenya na kuendelea baada ya shirika hilo kurejeshewa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, vimeachiwa watazamaji wavicheke na kuvisahau. Pale vilipotajwa na wasomi, mara nyingi vilitajwa kama mshtakiwa anavyotajwa. Mashtaka yenyewe ni mawili. La kwanza ni kwamba vinaiharibu lugha, kwa kuwa wahusika wake hawatamki Kiswahili sanifu. La pili ni kwamba vinayadhihaki makabila, kwa kuwa kila mhusika anachekwa kwa lafudhi ya kwao.

Mashtaka haya yana msingi, na makala hii haikusudii kuyatupilia mbali. Inadai tu kwamba yote mawili yanaanzia mahali pasipofaa. Yanaichukua lafudhi moja moja, kana kwamba mhusika mmoja alisimama peke yake jukwaani, hali katika vichekesho hivi hakuna anayesimama peke yake. Lafudhi ni alama ya upungufu, na upungufu wa mhusika huyu umewekwa makusudi ukutane na upungufu wa yule. Dhamira ya vichekesho hivi imo katika makutano hayo: binadamu hakuumbwa mkamilifu, na kwa sababu hiyo hana budi kumtegemea mwenziwe. Ili hoja hii ionekane wazi, yafaa kwanza kuutazama mtaa ambao maisha yake yanafanana na maisha yanayoigizwa, nao ni mtaa wa Kaloleni, mashariki ya Nairobi.

2. Mtaa na watu wake

Kaloleni ulijengwa katikati ya miaka ya 1940 na halmashauri ya mji, kando ya barabara iliyoitwa Donholm na ambayo leo inaitwa Jogoo. Jina lake limetoka pwani, katika nchi ya Wagiriama. Kabla ya hapo utawala wa kikoloni ulimhesabu Mwafrika kuwa mgeni wa mjini: aje afanye kazi, alale katika chumba cha makapera, kisha arudi kwao. Kaloleni ulikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo iliyokubali kwamba mfanyakazi ana mke na watoto. Nyumba zilipangwa kuzunguka viwanja vya wazi, na katikati ukawekwa ukumbi wa mikutano. Katika miaka ya kupigania uhuru ukumbi huo ulijaa siasa hata ukafananishwa na bunge.

Waluo na Waluhya walikuwa wengi mtaani, lakini hawakuwa peke yao. Jirani na jirani walitenganishwa na ukuta mmoja, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili ambacho wengi wao walijifunza ukubwani, kazini au njiani. Mtu wa namna hii hakuwa na ukoo karibu naye. Akifiwa, mwili ulipaswa kusafirishwa mbali hadi nyumbani, na mshahara wa mtu mmoja haukutosha. Ndipo vikastawi vyama vya kusaidiana na michango ya maziko, desturi ambayo ingali hai katika Eastlands yote. Orodha ya mchango wa matanga ni maandishi ya kweli ya mtaa: ndani yake mmoja ametoa kidogo, mwingine kikubwa, na kila aliyeandikwa anajua kwamba siku moja atakuwa yeye anayechangiwa.

Hata hivyo historia ya mtaa huu si ya upendo mtupu. Mitaa miwili jirani, Mbotela na Ofafa Maringo, imepewa majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, viongozi waliouawa mwaka 1952 na 1953 wakati wa Hali ya Hatari. Mwezi wa Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, serikali ya kikoloni iliuzingira mji wa Nairobi ikawachambua wakazi kwa kabila, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa vizuizini. Mkazi wa Eastlands amefahamu tangu zamani, basi, kwamba jina la mtu na jinsi anavyotamka vinaweza kutumiwa kumtenga. Vichekesho vya lafudhi vimeota katika udongo huu, na mhakiki asiyelikumbuka jambo hili hataweza kupima uzito wa kicheko chake.

3. Upungufu wa sauti

Suala la lafudhi lichunguzwe kwanza kwa jicho la mwanaisimu. Kiluo hakina sauti inayoandikwa kwa herufi sh. Kwa hiyo mzungumzaji wake asiyezoea Kiswahili husema sida badala ya shida, na samba badala ya shamba. Kikuyu hakina l. Hivyo lala huweza kuwa rara. Tena katika Kikuyu sauti ya d kwa kawaida hutanguliwa na n, na dawa ikasikika ndawa. Katika lahaja kadhaa za Kiluhya sauti za b, d na g hujitokeza hasa baada ya king'ong'o, ndiyo maana baba huwa papa na gari huwa kari.

Mambo haya yanajulikana na kila mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya, ambaye huyaandika ubaoni kama makosa ya kurekebishwa. Lakini yakipangwa pamoja yanaonyesha jambo jingine. Anayekosa sh anayo l. Anayekosa l anayo sh. Anayetamka kari hutamka sh bila taabu. Hakuna aliyekosa sauti zote, na miongoni mwa waliojifunza lugha hii ukubwani ni wachache walio nazo zote. Kila mmoja amekuja mjini na kapu lenye tundu, na tundu za makapu haziko mahali pamoja.

Chukua mfano wa kubuni wa watu watatu kibarazani. Mmoja anasema ana sida. Wa pili anamwuliza, sida kani? Wa tatu, akitaka kuwasahihisha wote wawili, anatamka shinda. Kwa kinywa cha kwanza neno limebadilishwa sauti. Kwa kinywa cha mwisho limeongezewa sauti likageuka kuwa neno la ushindi. Mtazamaji anacheka, lakini acheke akijua kwamba ujumbe umefika. Mwenye shida amesikika, ameulizwa, na ameitikiwa, ingawa hakuna aliyelitamka neno lenyewe kama lilivyo katika kamusi. Hapa methali ya nyani haoni kundule inapata mfano mwema, kwa sababu kila anayecheka kosa la mwenziwe ana lake linalosubiri zamu.

Shutuma kwamba vipindi hivi huiharibu lugha inasahau kazi hii. Kiswahili sanifu ni chombo cha lazima katika elimu, sheria na vitabu, na hakuna haja ya kukipunguzia heshima. Lakini sanaa ya vichekesho haifundishi matamshi. Inaonyesha watu wanavyoishi na matamshi waliyo nayo. Si ajabu kwamba watoto wa mitaa hii hii ya Eastlands, waliozaliwa katikati ya lafudhi nyingi, walishiriki kuunda Sheng, lugha isiyokuwa ya baba wa yeyote na kwa hiyo isiyompa yeyote ukuu wa kuzaliwa nayo.

4. Kizimbani

Muundo wa Vioja Mahakamani ni rahisi, na kila kipindi huurudia. Mahakama huanza, mshtakiwa hupandishwa kizimbani, kiongozi wa mashtaka humkabili, mashahidi hutoa ushahidi, mshtakiwa hujitetea, hakimu huamua. Wahusika kama Ondiek Nyuka Kwota, Makokha na Masanduku arap Simiti wamepita katika kizimba hicho mara nyingi hata mtazamaji akawajua kama jamaa zake. Huyu ni mwerevu wa maneno, yule ni mwepesi wa kukana, na wote ni watu wa tabaka la chini ambao mkono wa sheria huwafikia upesi.

Kwa mtazamo wa haraka, hakuna mahali ambapo binadamu ni mnyonge kuliko kizimbani. Mshtakiwa anasimama wenzake wakiwa wameketi. Anaulizwa naye hana ruhusa ya kuuliza apendavyo. Lugha ya mahakama ni rasmi, na yake ni ya mtaani. Katika mahakama halisi za Kenya Kiingereza kimekuwa na nafasi kubwa, hata mshtakiwa asiyekijua amemtegemea mkalimani kwa jambo linalohusu uhuru wake. Vioja Mahakamani imemwondoa mkalimani huyo na kuiendesha kesi kwa Kiswahili. Uamuzi huu wa kifani una matokeo ya kimaudhui. Kazi ya kufasiri sasa imemwangukia kila mtu: hakimu afasiri lafudhi ya mshtakiwa, mshtakiwa afasiri urasmi wa hakimu, na mtazamaji awafasiri wote wawili.

Kinachofuata ni mgeuko wa mamlaka ambao ndio moyo wa kichekesho. Hakimu ana nguvu zote ila moja: hakuwapo tukio lilipotokea. Ukweli wa kesi umo vinywani mwa watu ambao lugha yao imepinda, na hakuna njia nyingine ya kuupata. Kwa hiyo mwenye cheo hulazimika kuuliza tena na tena, kusikiliza kwa makini, na wakati mwingine kurudia maneno ya mshtakiwa kwa matamshi yale yale ili ahakikishe ameelewa. Hapo ukumbi hucheka. Mtu asidhani kwamba anayechekwa ni mshtakiwa peke yake. Sheria yenyewe imeonekana kuwa kiziwi mpaka mnyonge aifungulie masikio.

Kasoro ya muundo huu nayo itajwe. Hukumu hutolewa mwishoni, na mara nyingi mshtakiwa hupatikana na hatia. Kipindi cha shirika la serikali hakingeweza kwa wepesi kumwonyesha hakimu aliyekosea, na hivyo kicheko kinachopindua mamlaka katikati ya mchezo hurudishwa katika mstari wa utii kabla ya mchezo kwisha. Hukumu humfunga mshtakiwa kwa nusu saa tu. Kipindi kinachofuata yupo tena kizimbani, na ulimi wake haujanyooka.

5. Siri ya mlinzi

Ufundi huu haukufa pamoja na enzi ya televisheni moja. Papa Shirandula, kichekesho cha kituo cha Citizen kilichoongozwa na marehemu Charles Bukeko, aliyefariki dunia mwezi wa Julai 2020, kilijengwa juu ya aibu moja. Papa ni mlinzi wa lango, lakini amemwaminisha mkewe kwamba ana kazi ya heshima ofisini. Hata jina lake limebeba lafudhi iliyokwisha kuelezwa.

Siri ya namna hii ina tabia ya pekee: mwenyewe hawezi kuitunza peke yake. Wafanyakazi wenzake wanaijua, na siku yoyote mmoja wao anaweza kuropoka. Heshima ya Papa nyumbani imewekwa rehani mikononi mwa watu anaojibizana nao kazini. Kichekesho kinatokana na jitihada zake za kuonekana hamhitaji mtu, katika hali ambayo amewahitaji watu wote. Hapa upungufu umehama kutoka katika sauti na kuingia katika cheo, lakini mantiki ni ile ile. Kisha kuna swali la kijamii ambalo kicheko kinalificha na kulifichua kwa pamoja: ni jamii gani hii ambamo mtu anayelinda mali ya wengine usiku na mchana huona haya kuitaja kazi yake mbele ya mkewe?

6. Utani na dharau

Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko kilichotoka mwaka 1900, alieleza kwamba ili mtu acheke ni lazima moyo wake ufe ganzi kwa kitambo. Huruma na kicheko havikai pamoja. Maelezo haya huenda yakafaa vichekesho vya Ulaya alivyovijua. Afrika ya Mashariki ina nadharia yake ya kicheko, iliyoishi karne nyingi bila kuandikwa kitabuni, nayo ni utani.

Mtani ana ruhusa ya kumtukana mtani wake, kumnyang'anya kitu, kumcheka hata katika msiba. Ruhusa hiyo haikutolewa bure. Kwa desturi za makabila mengi ya Tanzania, mtani ndiye anayekuja msibani kufanya kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya, na dhihaka yake ndiyo inayowapa wafiwa pumzi. Mdomo unaotania na mikono inayozika ni vya mtu mmoja. Kwa hiyo utani hauhitaji moyo uliokufa ganzi. Unahitaji moyo ulio karibu.

Mambo mawili, basi, huutofautisha utani na dharau. La kwanza ni zamu: aliyetania leo atataniwa kesho. La pili ni wajibu: anayetania anadaiwa msaada. Kaloleni hapakuwa na utani wa kurithi kati ya Mluo na Mkikuyu, wala kati ya Mluhya na Mkalenjini. Watu hawa walikutanishwa na reli, ajira na kodi ya nyumba. Mtaa ulijitengenezea utani wake mpya, uliojaa lafudhi na majina, na ukaufungamanisha na mchango wa matanga. Televisheni ilipouchukua utani huo iliweza kuubeba wote au nusu yake.

Hiki ndicho kipimo ambacho mhakiki anaweza kukitumia. Kipindi kinachogawa upungufu kwa wahusika wote, kikampa kila mmoja zamu ya kucheka na kuchekwa, na kikawafanya wahitajiane mpaka mwisho, kimeubeba utani pamoja na deni lake. Kipindi kinachoikamata lafudhi moja, kikaifanya kuwa ya bawabu mjinga au ya mwizi kila juma, hali msemaji wa lafudhi nyingine hachekwi kamwe, kimebeba kicheko na kuliacha deni. Vipindi vya namna zote mbili vimekuwapo, na pengine katika mfululizo mmoja.

Tofauti hii si ya darasani tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya. Katika vizuizi vya barabarani watu walitambuliwa kabila kwa vitambulisho na majina yao. Jina ambalo juzi lilichekesha sebuleni likawa sababu ya kifo. Haitakuwa haki kuvilaumu vichekesho kwa msiba ulioletwa na siasa na dhuluma za ardhi. Lakini haitakuwa kweli kudai kwamba vicheko vyote vya kikabila havina madhara. Nchi iliyozoea kucheka bila zamu na bila wajibu imejizoeza kutomwona jirani.

7. Upungufu wa kuazima

Mfano ulio mzito kuliko yote katika historia ya vichekesho hivi ni Benson Wanjau, aliyejulikana nchini kote kama Mzee Ojwang wa Vitimbi. Kwa miongo kadhaa, akiwa na mwigizaji Mary Khavere katika nafasi ya Mama Kayai, alimwigiza mzee wa Kiluo mwenye majivuno na vituko. Watazamaji wengi walimdhani Mluo wa kuzaliwa. Alikuwa Mkikuyu.

Jambo hili lipimwe kwa maelezo ya sehemu ya tatu. Mtu ambaye lugha ya mama yake ilimpa upungufu wake mwenyewe aliuweka kando, akaazima upungufu usio wake, akauvaa mbele ya taifa hata jina lake la kuzaliwa likafunikwa. Ingekuwa rahisi kusema kwamba alimdhihaki Mluo. Lakini mwenye dhihaka husimama nje akaonyesha kidole. Yeye alisimama ndani. Kicheko kilipokuja kilimwangukia yeye, kwa jina la Ojwang, na hakuwa na mlango wa kutokea. Katika mji ambao mwaka 1954 ulichambuliwa kwa kabila, Mkikuyu aliyejulikana kwa jina la Kiluo mpaka uzeeni ametenda jambo ambalo hotuba nyingi za umoja hazikulitenda.

Katika miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na Wakenya wenye mapenzi mema wakajitokeza kuchangia matibabu yake. Alifariki dunia Nairobi mwezi wa Julai 2015. Mchango ule unastahili kuangaliwa kama sehemu ya sanaa yenyewe. Watazamaji waliokuwa wamecheka kwa miaka mingi walijiona wana deni, na walilipa kwa njia ile ile ambayo mtaa hulipa. Hata hivyo kuna uchungu ndani yake. Msanii aliyelitumikia shirika la umma kwa umri wake wote asingepasa kungojea huruma ya watazamaji ili aone. Kutegemeana kwa majirani ni fadhila, lakini hakupaswi kuwa kisingizio cha taasisi kukwepa wajibu wake kwa wafanyakazi wa sanaa.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba vichekesho vya televisheni ya Kenya, vikitazamwa kutoka katika mtaa kama Kaloleni, vina dhamira iliyo kubwa kuliko mzaha wa matamshi. Upungufu wa sauti, wa cheo na wa mamlaka umegawanywa miongoni mwa wahusika, na mchezo husonga mbele kwa sababu kila mmoja humwachia mwenziwe nafasi ya kulijaza pengo. Pale ugawaji huo unapovunjika, utani hugeuka dharau, na mhakiki anao wajibu wa kusema hivyo waziwazi.

Kazi iliyobaki ni ya idara za lugha. Vipindi hivi viandikwe neno kwa neno kutoka katika kanda, na viandikwe na lafudhi zake, bila mwandishi kuzinyoosha kwa kudhani anawasaidia wahusika. Neno sida likiandikwa shida, mchezo umepotea na mtu aliyelitamka amefutwa. Wazee wa mitaa ya Eastlands wanaokumbuka jinsi majirani walivyotaniana ukumbini na matangani waulizwe pia wangali hai, kwa maana wao ndio wanaojua ni nani aliyecheka, na ni nani aliyekuja na mchango wake jioni ile ile.